Timu Isiyo na Ligi

Habari za kifo cha Furaha nilizipata kwenye simu, Jumanne asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni. Aliyenitumia ujumbe ni Busi, ambaye zamani alikuwa kapteni wetu wa mpira wa pete, na ambaye kwa miaka mingi tumekuwa tukiandikiana siku za kuzaliwa tu. Aliandika mistari miwili: Furaha amefariki Jumapili, ni moyo, na msiba uko kwa mama yake, Rosettenville, nyumba ileile. Nilisuuza mdomo nikaketi ukingoni mwa bafu. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa sura yake. Ilikuwa sauti ya mpira ukidunda kwenye lami ya uwanja wa Malvern, mdundo wa haraka, halafu kimya kidogo, halafu mlio wa chuma cha pete. Nina mume, nina watoto wawili, nina kazi inayofanya watu wanisalimie kwa adabu, lakini ukiniuliza ni mwaka gani ulionifanya niwe hivi nilivyo, sitautaja mwaka wa ndoa wala wa kuzaa. Nitautaja 2016, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, katibu na mchezaji wa akiba wa timu ambayo hakuna ligi iliyoitaka.

Chuo chetu kilikuwa juu ya duka la samani, kwenye barabara kuu ya Kensington. Ukipanda ngazi ulinusa vanishi mpaka ghorofa ya pili, na somo la kwanza la asubuhi lilifundishwa huku mafundi wa chini wakipiga nyundo. Tulisomea kazi za ofisi, uhudumu wa wagonjwa na ususi. Vyumba vilikuwa vinne, na kimoja kati yake kilikuwa pia stoo ya viti vilivyovunjika. Hatukuwa na uwanja, hatukuwa na timu nyingine ya mchezo wowote, na kwa sababu hizo mbili shirikisho la michezo la vyuo lilitukataa kila mwaka. Mam Lindiwe, mwalimu wetu wa uchapaji, ndiye aliyeianzisha timu. Kila Januari alituma maombi, na kila Machi jibu lilirudi likiwa la heshima na la kukataa. Alilisoma mbele yetu kwa sauti ileile aliyotumia kutusomea imla, akalikunja, kisha akatuambia tukavae raba.

Basi tulicheza na yeyote aliyekubali. Kuwatafuta ilikuwa kazi yangu. Nilikaa kwenye stoo ya viti, simu ya chuo mapajani, nikapiga huku na huku, na kila mara aliyepokea aliniuliza tuko ligi gani. Nikisema hatuna ligi, kilifuata kimya ambacho nilijifunza kukivumilia. Tulicheza na wanawake wa duka moja kubwa waliokuja uwanjani na viatu vya kazi. Tulicheza na kwaya ya kanisa la Wakongo pale Jules Street, wakaomba kabla ya mechi kwa muda mrefu hata mwamuzi akaketi chini. Tulicheza na walinzi wa kampuni ya ulinzi, wanawake wenye mabega mapana waliotufunga mara mbili ya magoli yetu, kisha wakatugawia magwinya, yale maandazi ya huko, na chai ya flaski. Ushindi haukutupandisha popote, na tukishindwa hatukuwa na pa kushukia. Mam Lindiwe aliandika matokeo kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani darasani, na karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa dunia nzima ya mpira wetu. Siku hizi naona watu wakilia kwa kombe, nami nawaelewa, ila nawaambia moyoni kwamba unaweza pia kulia kwa karatasi ya manila.

Furaha alikuwa mfungaji wetu. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili, mtoto wa Kikongo kutoka Uvira, mwembamba, mwenye vidole virefu. Akiingia kwenye duara la kufungia na kizibao chake chenye herufi GS, alama ya mfungaji, aliunyanyua mpira juu ya kichwa, akavuta pumzi, akasubiri muda mrefu kidogo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, halafu akauachia. Mimi nilikuwa nikifunga tangu shule ya msingi Kigoma na nilijiona hodari mpaka nilipomwona yeye. Nilimpenda na nilimwonea wivu, na sikuona kwamba hayo ni mambo mawili. Aliniita yaya, kama wanavyowaita dada wakubwa kwao, na karibu kila Jumamosi baada ya mazoezi tulipanda teksi mbili, zile basi ndogo za abiria, kwenda kwao kula.

Walikuwa wakikaa nyuma ya nyumba ya mjane mmoja Mreno, chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia, na jiko dogo pembeni. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Vitambaa vilijaa hata juu ya friji, na kabla ya kuketi ilibidi uangalie pini. Nilipofika mara ya kwanza nilimwambia shikamoo. Akacheka, akamwuliza mwanawe huyu amesema nini, na tangu siku hiyo akawa ananidai salamu hiyo mlangoni kabla ya kunipa kiti. Tulikula fufu na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese, na dagaa ambao yeye aliwaita ndagala, nasi tulibishana kila wiki kama wa Uvira ni watamu kuliko wa Kigoma, ilhali ziwa ni moja. Furaha alikula kidogo, polepole, ameegemea ukuta. Nilidhani ni madaha.

Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio, nilipojua kwamba si madaha. Nilikuwa nimejilaza upande wa pili wa pazia nikimsubiri Furaha atoke kuoga, na mama yake alikuwa jikoni akizungumza na shemeji yake aliyekuja kushona. Hawakunong'ona, walidhani nimelala. Mama alisema wamerudi hospitali, wamempima tena, na daktari amesema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, tangu ule ugonjwa wa koo na viungo alioupata utotoni. Akasema huenda wakampasua, lakini foleni ni ndefu, na kwa sasa asikimbie, asibebe vitu vizito. Shemeji akauliza kuhusu ule mpira. Mama akajibu kwamba mpira ameshauacha tangu Pasaka, siku hizi anakwenda tu kuwaangalia wenzake, na ni vizuri, asije akajifungia ndani na mawazo. Cherehani ikaendelea. Nilibaki nimeangalia dari. Mchana uleule Furaha alikuwa ametufungia magoli mengi kuliko sote tukijumlishwa.

Nilimwambia tukiwa njiani kwenda kituoni. Hakushtuka. Alisema mfungaji hakimbii, mfungaji anasimama, na kwamba angejua mwenyewe siku ya kuacha. Akaniomba nisimwambie mtu. Nilisema sawa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ilikuwa rahisi vile. Sehemu ni kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuamini kwamba mtu wa umri wetu anaweza kufa. Sehemu nyingine ni kwamba bila yeye tusingeshinda hata kwaya.

Mwezi wa Agosti tulirudiana na walinzi. Tulikuwa wachezaji tisa katika timu yote, na siku hiyo wawili hawakuja, mmoja ana homa, mwingine amezuiwa kazini. Busi alipanga upya nafasi. Furaha alikuwa mwepesi, akamweka katikati, mahali ambapo mtu hukimbia uwanja mzima bila kupumzika, na kizibao cha GS akanirushia mimi. Nilikidaka. Furaha alinitazama, nami nilimtazama, na wote wawili tulijua ninachopaswa kusema. Nilikivaa. Ninaandika haya polepole kwa sababu kwa miaka mingi nimeisimulia siku hiyo nikianzia baadaye, pale alipozidiwa. Lakini ilianzia pale, kwenye kizibao, na kwenye furaha niliyoisikia nikifunga kamba zake ubavuni. Nilicheza vizuri. Nilikuwa nimefunga magoli manne mfululizo nilipogeuka na kuona mpira uko mikononi mwa mwamuzi, na Furaha hayupo uwanjani.

Nilimkuta nyuma ya vyoo, amepiga magoti kando ya bomba. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa mtu. Nilimshika mgongo, nikauhisi moyo wake kwa kiganja, unakwenda ovyo, unasita, unakimbia tena. Nilisema tumwambie Mam, twende hospitali sasa hivi. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Hatuna ligi, yaya," alisema. "Nani ataniuliza?"

Ilikuwa kweli. Vyuo vyenye ligi vilikuwa na fomu, vilikuwa na muuguzi pembeni mwa uwanja, vilikuwa na watu ambao kazi yao ni kuuliza. Sisi tulikuwa na Mam Lindiwe na ndoo ya maji. Tulirudi uwanjani tukasema amekula vibaya, na wale walinzi wakamfunika koti.

Barua ya shirikisho ilikuja Septemba, wakati ambao haikuwahi kuja. Chuo kimoja kilikuwa kimejitoa, nafasi moja ilikuwa wazi kwa mwaka unaofuata, na kama tungependa, tungecheza mechi moja ya majaribio na timu yao mojawapo huku maofisa wawili wakitutazama. Mam Lindiwe hakuisoma kama imla. Alisoma nusu akasimama, akatoka nje kwenye ngazi, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Busi alipanda juu ya dawati. Furaha alinikumbatia kutoka nyuma akaniambia sikioni kwamba atacheza hiyo moja, moja tu, halafu ataacha, anaapa kwa Mungu. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu tisa. Kila mchezaji alipaswa kueleza afya yake, na chini kulikuwa na mstari wa katibu wa timu, kuthibitisha kwamba kwa kadiri anavyojua, yaliyoandikwa ni kweli. Katibu alikuwa mimi.

Furaha aliijaza fomu yake siku hiyohiyo kwa mwandiko mzuri, hapana, hapana, hapana, kila mstari. Nilikaa nayo siku nne. Nilizitia saini nyingine nane. Niliiweka ndani ya daftari, nikaitoa, nikairudisha. Nilikwenda kwao Jumamosi nikitaka kumwambia mama yake, lakini alinidai shikamoo mlangoni na kuniwekea kiti, na sikuweza. Nilimsihi Furaha mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili aligeuzia uso barabarani mpaka teksi yangu ikaja.

Siku ya tano nilipanda kwa Mam Lindiwe. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba chenye birika la umeme na dirisha linaloangalia paa la mabati. Alinimiminia chai ya rooibos. Nilimweleza yote, tangu pazia mpaka vyoo, na alipokuwa ananisikiliza alikunja fomu ile mara moja, mara mbili, mpaka ikawa ndogo kama tiketi. Alisema nimefanya vema, kwamba ni jambo gumu na nimelifanya. Halafu, kama mwalimu yeyote wa timu ambaye ana mechi moja maishani mwake, akauliza:

"Na nani atasimama mahali pake?"

"Mimi," nilisema.

Sikuwa hata nimemeza chai. Neno lilitoka kabla hajafunga mdomo wake, na yeye alilisikia lilivyotoka, nami nililisikia. Aliitikia kwa kichwa taratibu akaandika jina langu. Nimeishi na neno hilo kuliko nilivyoishi na watu wengi. Najua nilimwogopea Furaha. Najua sikulala kwa siku nne. Najua pia jinsi kizibao kile kilivyonikaa mwilini mwezi wa Agosti, na mpaka leo siwezi kuapa ni kipi kilichonipandisha ngazi zile.

Mam alimwita Furaha mchana huohuo. Nilimsubiri chini, mbele ya duka la samani, kati ya makabati yaliyopangwa kando ya barabara. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Alishuka amebeba begi lake begani, hakuwa analia, na hakuniita yaya.

"Adela," alisema, "kama ulitaka kucheza, ungeniomba tu. Ningekupa."

Nilianza kusema kuhusu moyo, kuhusu daktari, kuhusu mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hayo yote ni kweli, na kwamba hajaniuliza hayo. Akavuka barabara. Nilimwona akisimama upande wa pili kungoja teksi, mgongo wake kwangu, na ningeweza kuvuka. Magari hayakuwa mengi.

Mechi ilichezwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kwenye uwanja wao, lami laini isiyo na ufa, mistari imepakwa rangi mpya. Maofisa wawili waliketi chini ya mwavuli. Nilifikiri Furaha hatakuja, lakini alikuja, amevaa gauni la kanisani lililoshonwa na mama yake, akaketi kwenye benchi letu pamoja na bakuli la machungwa aliyoyakata nyumbani, kama alivyofanya kila mechi. Tulicheza kama hatujawahi kucheza. Robo tatu za mchezo tulikuwa bega kwa bega nao. Wakati wa mapumziko ya mwisho Furaha alipita na bakuli, akampa kila mmoja kipande mkononi, akamfuta Busi jasho, na alipofika kwangu aliweka bakuli zima kwenye benchi, karibu na paja langu, akaenda kuketi. Sikujua maana yake. Niliona ni dharau, au nilitaka kuona hivyo, kwa sababu dharau ningeweza kuistahimili. Sikugusa hata kipande.

Tulishindwa kwa magoli mawili. Dakika za mwisho nilipata mpira mara tatu ndani ya duara, peke yangu, na mara tatu nikauachia mapema. Nilisikia kila mara kile kimya kidogo ambacho Furaha angekingoja, na sikuweza kukingoja. Maofisa walitushika mikono, wakasema tuna moyo. Jibu lilikuja kabla ya mitihani, la heshima na la kukataa. Mam Lindiwe hakutusomea. Aliibandua karatasi ya manila mwenyewe, na mwaka uliofuata hakukuwa na timu.

Kuhusu yaliyobaki sina mengi ya kujitetea. Nilimaliza chuo, nikapata kazi Boksburg, nikahamia huko. Mwezi wa Machi uliofuata Busi aliniambia Furaha amefanyiwa upasuaji na umekwenda vizuri. Jumapili moja nilipanda teksi hadi Rosettenville na mfuko wa matunda, nikafika mpaka kwenye robot, zile taa za pale kona, ambapo unaweza kuliona geti la yule mjane. Taa ziliwaka kijani mara nyingi. Nilijiambia kwamba hanitaki, kwamba nitamsumbua mgonjwa, kwamba heshima ni kumwachia yeye aje akiwa tayari. Nikarudi. Kila mwaka uliopita uliufanya mwendo ule uwe mrefu zaidi. Nilisikia amefungua chumba cha ususi, nilisikia ameolewa, na kila habari niliipokea kama mtu anayesoma tangazo la mji mwingine.

Msibani nilikwenda Jumatano, peke yangu. Geti lilikuwa limepakwa rangi nyingine, mjane alishakufa na nyumba ya mbele sasa ilikuwa ya Wamozambiki, lakini kule nyuma jiko lilikuwa palepale, na wanawake wa kanisa walikuwa wakisonga fufu kwenye sufuria kubwa. Mama Furaha alikuwa ameketi kwenye godoro chini, nywele zake nyeupe, miguu ameinyoosha. Nilipiga magoti mbele yake nikiwa na hakika kwamba atanifukuza, kwamba miaka yote hii Furaha alimwambia nani alikwenda kwa mwalimu na kwa nini. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Njiani, kwenye teksi, nilikuwa hata nimelitamani.

Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanitazama kwa muda kabla ya kunitambua.

"Adela," alisema. "Ulituachaka juu ya nini?"

Sikuelewa mbona ananiuliza sababu ya kuwaacha. Akaniambia, kwa sauti iliyokauka kwa kulia, kwamba Furaha alipokuwa wodini baada ya kupasuliwa aliniulizia kila siku, na yeye mama hakuwa na namba yangu, na alipotoka aliendelea kusema yaya atakuja, ana haya tu, mwacheni, atakuja. Akasema walikuwa wakiniwekea kiti siku za Jumamosi, mwanzoni. Akasema alidhani labda ni yeye aliyenikosea, kwa jambo fulani la chakula au la maneno, na amelifikiria mara nyingi bila kulipata. Basi leo nimwambie, kwa kuwa nimekuja.

Wanawake waliokuwa karibu walinyamaza ili wasikie. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila kitu, na hapakuwa tena na mtu wa kuumia isipokuwa mimi.

"Kazi, mama," nilisema. "Kazi zilinizidi."

Akaitikia kwa kichwa, akaniamini. Akamwambia mmoja wao aniletee sahani.